Fundi Aliyeipigia Pampu Simu

Kama wewe ni mtu, Fundi asingekupigia simu. Angekuja. Hilo ndilo jambo la kwanza watu wa Mutuka walilolijua kumhusu, na wapo ambao hawakuwahi kujua jingine.

Siku moja mkutano wa kamati ya maji uliahirishwa, na yeye akapewa kazi ya kutuarifu. Wajumbe tulikuwa saba: wawili Mutuka, mmoja Sigino, waliobaki wametawanyika mjini Babati. Kila mmoja wetu alikuwa na simu. Fundi naye alikuwa nayo. Akavaa koti lake la kahawia, akatia leso mfukoni, akaanza kutembea tangu asubuhi. Kwangu alifika saa tisa alasiri. Mimi nilikuwa nimekwisha kwenda mkutanoni, nimekaa peke yangu kwenye benchi la ofisi ya kata saa nzima, na sasa ndiyo narudi. Tukakutana mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Neema. Habari za tangu juzi?"

"Nzuri."

"Neema hajambo? Mbaazi zinaendeleaje?"

"Zimeanza kutoa maua."

"Tumshukuru Mungu. Nimekuja kukuambia usiende mkutanoni, umeahirishwa."

"Ndiyo natoka huko, Fundi."

Akafikiri kidogo. "Basi habari unayo," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Nilipomuuliza kwa nini hakupiga tu, alinitazama kama nimemuuliza kwa nini halali juu ya paa. "Simu ni ya mashine, Mama Neema. Mtu anaendewa."

Mashine yenyewe ilikuwa pampu yetu ya Mutuka. Ipo pembeni ya mashamba, ndani ya kijumba cha matofali, na inasukuma maji kutoka kisimani hadi kwenye tenki kubwa jeupe mlimani. Fundi alikuwa akiishi mjini, na ukisimama uani kwake ulikuwa unaliona lile tenki. Kwa miguu ni mwendo wa saa moja. Lakini waliotuletea mradi walikuwa wameweka ndani ya kile kijumba kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye kasha la bati, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Kompyuta ile iliunganishwa kwa kebo na modemu, kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa sauti za simu, na modemu ikaunganishwa na simu. Sebuleni kwa Fundi kulikuwa na kompyuta nyingine, modemu nyingine na simu nyingine. Alikuwa akipiga simu kutoka kwake, modemu mbili zinapigiana kelele kama paka waliofungiwa kwenye gunia, kisha kunakuwa kimya, naye anaandika amri, na pampu ya Mutuka inawaka. Walioleta mradi waliondoka wakaacha kitabu cha maelekezo. Fundi alikisoma mpaka jalada likadondoka, akalishona kwa uzi wa viatu.

Kwa mtu huyu, kwenda pampuni kwa miguu lilikuwa jambo la aibu. "Ukienda, umeshindwa," alikuwa akisema. Mwaka mmoja pampu iligoma siku tatu. Ukutani mle ndani ya kijumba kulikuwa na kitufe cha kijani ambacho mtu yeyote angeweza kukibonyeza, ikawaka. Wanawake wa Mutuka tulikwenda kwake na ndoo zetu tupu, tukazipanga mlangoni ili azione. Mmoja akamwambia, "Baba, twende ukabonyeze kitufe." Fundi akajibu kutoka ndani, bila kugeuka, "Kitufe ni cha mtu asiye na la kusema." Siku ya tatu mashine ikaitikia. Kumbe kwenye mpangilio alikuwa ameandika saba mahali pa nane.

Maana ilikuwa lazima iwe nane, hakuna, moja. Mpangilio huo aliurudia mara nyingi hivi kwamba hadi leo naujua kuliko namba ya kitambulisho changu. "Ni adabu ya maongezi," alinieleza. "Kila herufi ina vipande vinane. Hakuna mkaguzi. Na mwisho unaweka pumzi moja, mwenzako ajue umemaliza." Watoto wa shule waliokuwa wakipita mbele ya nyumba yake walikuwa wakimpigia kelele, "Nane hakuna moja!" Naye aliwaitikia, "Marahaba!"

Zile kelele za modemu alizielewa kama sisi tunavyoelewa salamu. Siku moja alinikalisha kando yake nisikilize. Ile ya kwanza, ndefu, ni ya kubisha hodi. Inayofuata ni ya aliyeko ndani, anauliza nani. Halafu zinaanza kuulizana: unaweza kuongea haraka kiasi gani? Siwezi hivyo, punguza. Hivi je? Punguza tena. "Unasikia?" Fundi akaninong'oneza. "Hawajaanza hata kusema kilichowakutanisha. Wanaulizana hali kwanza. Mtu akikwambia mashine ni za Wazungu, mkatalie. Hizi zimelelewa."

Mke wake, Mama Paulo, alikuwa akiiita modemu ile mke mwenza. Ikiwa kwenye maongezi, ndani ya nyumba hakukuwa na ruhusa ya kugusa simu, wala kuburuta kiti. Jirani mmoja aliyekuja kuazima ungo alisimamishwa mlangoni kwa ishara ya mkono, akasimama pale, mguu mmoja ndani mmoja nje, mpaka tenki la Mutuka likajaa.

Kisha waya wa simu wa kwenda Mutuka ukaibwa, wote, tangu nguzo ya kwanza hadi ya mwisho. Sitaki kumsingizia mtu, ila mwaka ule bangili za shaba zilikuwa nyingi sana mjini. Fundi hakukata tamaa. Alitafuta simu za mezani zile zinazotumia laini kama za mkononi, moja akaiweka pampuni na nyingine kwake, akaziunganisha na modemu. Njia ilikuwa mbovu, sauti zinakatika, kwa hiyo alishusha kasi ya maongezi mpaka karibu na chini kabisa, ikawa herufi zinakuja moja moja kama watu wanaovuka mto kwa kamba. Lakini zilifika.

Tatizo likawa kusajili laini. Tulikwenda pamoja dukani, mimi nikiwa katibu wa kamati na muhuri wangu. Dada wa pale akauliza mwenye laini ya pili yuko wapi.

"Yuko Mutuka," Fundi akasema.

"Aje mwenyewe na kitambulisho, aweke kidole hapa."

"Hana kidole."

Dada akaweka mkono kifuani. "Jamani, pole yake. Alipata ajali?"

"Hapana. Ni pampu."

Dada akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaeleza kwamba taratibu zinahitaji alama za vidole za binadamu. Fundi akauliza kama taratibu zinasema binadamu huyo lazima awe yeye atakayeongea. Wakabishana kwa heshima kubwa hadi wateja waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuchangia. Mmoja alipendekeza kidole cha nyani. Mwishowe Fundi akaweka kidole gumba chake mwenyewe. Tulipotoka nje akasimama kando ya barabara, akakitazama kile kidole. "Sasa kisheria," akasema, "pampu ya Mutuka ni mimi."

Hakuwa anatania. Tangu siku hiyo pampu ikiharibika alikuwa akija kwenye kamati na kusema, "Leo sikuamka vizuri." Na siku moja Safari, mtunza pampu wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, aliona ujumbe umeingia kwenye ile simu ya pampuni: "Mjomba ile hela usitume kwa namba ya zamani tuma kwenye hii." Akampelekea Fundi habari. Fundi alikasirika mno. Si kwa sababu ya utapeli. Kwa sababu mtu alikuwa ameiita pampu mjomba bila kujitambulisha. Alitaka kumfuata huyo mtu huko aliko, amweleze ana kwa ana, ila hakukuwa na anwani. Akamwagiza Safari ajibu: "Umekosea. Hii ni pampu." Jibu likarudi baada ya muda mfupi: "Sawa pampu tuma hela."

Kwenye mikutano alikuwa na desturi iliyowatoa jasho wageni. Modemu, alivyotueleza, ukitaka kuikatiza iache maongezi ikusikilize wewe, lazima kwanza unyamaze, ubonyeze alama ya kujumlisha mara tatu, kisha unyamaze tena. Usiponyamaza, itadhani ni maneno ya kawaida na haitakujali. Basi yeye akitaka kuchangia hoja alikuwa akisimama, anakaa kimya, anagonga meza mara tatu, anakaa kimya tena, ndipo anasema. Diwani mmoja mpya aliyekuja kututembelea alidhani mzee amepatwa na kitu, akaanza kumfungua vifungo vya shati.

Wala asingekuacha na ndoa yako ikiwa mbovu. Safari na mke wake waligombana mwaka ule wa njaa ya mahindi, wakawa hawasemezani ila kwa kupiga kelele. Fundi akatembea hadi Mutuka, akawatoa nje, akachora mchangani kwa kijiti: mduara huku, mduara kule, kila mmoja una mdomo na sikio. "Kebo ya kawaida," akasema, "ukiunganisha kompyuta mbili nayo moja kwa moja, mdomo unakutana na mdomo, sikio na sikio. Zitapiga kelele mwaka mzima, hakuna atakayesikia. Lazima nyaya zipishane katikati. Mdomo wako uingie sikioni kwa mwenzako. Ninyi mmeunganishwa vibaya." Akawaamuru: mama aseme mpaka amalize, mzee asifungue mdomo. Mama alisema tangu asubuhi hiyo hadi saa ya chakula. Alipomaliza, Safari alipewa zamu, akasema hakumbuki alikuwa na neno gani. Wakapatana. Au walichoka, sijui. Matokeo ni yaleyale.

Nilimsimulia Mama Paulo habari hiyo kwa kusifu. Alicheka mpaka akaweka chini sufuria. "Aje achore na hapa kwangu," akasema. "Miaka yote hii mimi nasubiri ile pumzi moja ya mwisho ili na mimi niseme."

Alikuwa hivyo. Angeisubiri modemu siku tatu, lakini chai ikichelewa kidogo alihesabu anaonewa. Kila waya nyumbani kwake ulikuwa na karatasi yenye jina, na miwani yake alikuwa akiitafuta akiwa ameivaa. Aliogopa maji. Mtu aliyetupa maji miaka yote ile hakuwahi kulikaribia Ziwa Babati, alisema halina mpangilio.

Sasa niseme habari ya mkanda.

Ilikuwa kiangazi, majani yamekauka, na ng'ombe walikuwa wakija kunywa kwenye birika karibu na pampu. Fundi alikuwa ameiagiza kompyuta ya kule iwashe pampu yenyewe kila siku saa nane mchana. Siku hiyo nilikwenda kwake na muhtasari wa kikao ili aweke sahihi. Ilikuwa imebaki nusu saa kufika saa nane. Katika kuongea nikamwambia, kama habari tu, kwamba Safari leo anabadilisha mkanda wa mota.

Kikombe kikasimama njiani kuelekea mdomoni.

"Leo?"

"Leo. Nimemwacha ndiyo anavua koti."

Mkanda ule unazungushwa na mota yenye nguvu za kumtoa ng'ombe matopeni. Mtu akiwa ameingiza mikono pale, na pampu ikawaka, hatatoka na mikono. Fundi akakiweka chini kikombe. Akaenda mezani, akapiga simu ya pampu. Modemu ikalia yenyewe, haikuitikiwa. Badala yake, kwenye spika, sauti ya yule mwanamke wa siku zote: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Haipatikani. Mara ya tatu akamwambia yule mwanamke, kwa sauti ya kusihi, "Dada, ni pampu hiyo, haiwezi kuwa imetoka." Ya nne, ya tano. Jasho likawa linamdondoka juu ya vitufe.

"Twende," nikasema.

Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku hiyo. Alitoka na ndala. Tukasimamisha bodaboda barabarani, tukapanda mshikaki, Fundi katikati, mimi nyuma, mkono mmoja nimeshika koti lake na mwingine nimekumbatia simu yangu isije ikaanguka. Dereva alikuwa akienda kama mwizi. Lakini mji wote unamjua Fundi, na kila tuliyempita alimwamkia, na Fundi hakuwa mtu wa kuacha salamu ikaanguka chini. "Shikamoo Fundi!" "Marahabaaa!" "Habari za nyumbani?" "Njemaaa! Mama anasalimia!" Niliona machozi yanamtoka, kwa upepo au kwa hofu, sijui, na bado anaitikia.

Tulipoiacha lami tukakuta ng'ombe. Wamejaa njia nzima, wanakwenda kunywa, na mwenye ng'ombe ni mzee mmoja wa Kibarbaig mwenye shuka na fimbo, rafiki wa Fundi wa miaka mingi. Dereva akapiga honi. Ng'ombe hawana habari na honi. Fundi akaruka, akaingia katikati ya kundi kwa miguu, anasukuma mapaja ya ng'ombe kwa mikono miwili, huku yule mzee anamsalimu kutoka upande wa pili, na yeye anajibu: hawajambo, ng'ombe mmoja, wote wazima, ng'ombe mwingine, mvua bado, pembe ikampita sikioni, na kwako je? Nikamfuata nikiwa nimeshika kanga yangu kwa meno.

Saa nane ilikuwa imekwisha kupita.

Pampu ilikuwa kimya. Mlango wa kijumba ulikuwa wazi. Ndani, mkanda wa zamani ulikuwa chini umejikunja kama nyoka, na kando yake kandambili moja. Moja tu. Fundi akasimama kizingitini.  Nami sikutazama nyuma ya mota.

"Karibuni chakula," mtu akasema nyuma yetu.

Alikuwa Safari, anatoka upande wa kivulini, kandambili moja mguuni, shavu limejaa ugali.

"Mkono," Fundi akasema.

"Shikamoo, Fundi."

"Nionyeshe mkono!"

Safari akanyoosha mkono uliojaa grisi. Fundi akaushika, akahesabu vidole kwa sauti, moja mpaka tano. Akadai wa pili, ule wenye ugali. Moja mpaka tano. Kisha akarudia vyote kumi.

"Nilizima swichi kubwa kabla ya kugusa kitu, hata simu yake ikazimika," Safari akasema, anatutazama kama watu waliokula kitu kibaya. "Miaka yote hii niko na pampu, nitaingiza mkono bila kuzima? Kama mlikuwa na wasiwasi, mbona hamkunipigia simu?"

 Nilitazama mkono wangu. Simu ilikuwa mle mle, nimeikamata tangu mjini mpaka vidole vimekufa ganzi. Ilikuwa na chaji. Ilikuwa na salio. Namba ya Safari ilikuwa ya pili kwenye orodha. Nilikuwa nimekaa na Fundi muda mrefu mno.

Fundi akaketi pale chini, juu ya ule mkanda.  Safari akamletea maji, hakuyanywa. "Ningekukata mikono," akasema mwishowe, "nikiwa sebuleni kwangu. Nimevaa ndala. Nakunywa chai."

"Lakini hukunikata."

"Lakini ningekuwa nakunywa chai."

Usidhani baada ya hapo alianza kupigia watu simu. Alichofanya ni kwamba tangu kesho yake alifuta ile amri ya saa nane. Kila asubuhi akawa anatembea saa moja mpaka Mutuka, anaingia kijumbani, anahakikisha hakuna mtu wala mkono wa mtu karibu na mota, anafunga mlango kwa kufuli, anatembea saa moja kurudi mjini, anakaa mezani, anapiga simu, anaiwasha pampu. Kamati ilimuuliza kwa nini asibonyeze kitufe cha kijani akiwa kule kule. Akasimama, akanyamaza, akagonga meza mara tatu, akanyamaza. "Kitufe," akasema, "anaweza kukibonyeza yeyote, wakati wowote, mwenzake akiwa ameingiza mkono. Nimekikata." Na kweli alikuwa amekikata; tukakuta waya umefungwa fundo safi na karatasi yenye jina. Alitembea hivyo kila siku mpaka alipostaafu. Miguu yake ilikuwa myembamba na migumu kama miti ya uzio. Safari ndiye aliyeendelea na kazi ya kupiga ile simu, baada ya kufundishwa na kununuliwa na kamati kompyuta na modemu nyingine, lakini kwa sharti kwamba asiwahi kukaa akinywa kitu wakati anaandika amri.

Mwaka huu, baada ya masika, wamekuja wahandisi wawili na mitambo mipya. Pampu sasa itaendeshwa kwa simu ya kiganjani, wakasema, mtu anaweza kuiwasha hata akiwa Dodoma. Wakaizima ile kompyuta ya zamani, wakatoa betri yake ndogo, wakaiwasha tena, na kuanzia hapo haikumwitikia mtu yeyote, wala Safari. Pampu ilifungwa kwa amri iliyokuwa ndani yake, kitufe kilikuwa kimekatwa, nao waliogopa kufumua nyaya wasije wakaunguza mota. Wiki nzima Mutuka tukawa tunatafuta maji kwa madumu. Mwishowe nikawaambia: ingieni kwenye gari, twendeni Bonga.

Fundi alikuwa amehamia Bonga, nyumba iliyo ndani kidogo kutoka barabara ya Dodoma. Nilikuwa sijamwona muda mrefu. Alitoka nje polepole, akanishika mikono yote miwili, na nilipomwamkia alinitazama midomo. Masikio yalikuwa yamekwisha. Alikuwa haongei tena bali anapaza sauti kama mtu aliye upande wa pili wa bonde.

"MAMA NEEMA! MBAAZI ZINAENDELEAJE?"

Sebuleni meza ilikuwa palepale kama ilivyokuwa mjini: kompyuta, modemu, simu, vyote vimefunikwa kitambaa cha kufuma. Mhandisi wa kike alitoa kompyuta yake nyembamba, akasema afadhali watumie hiyo. Fundi akaichukua, akaizungusha pande zote nne akitafuta tundu la kebo. Akaigeuza chini juu. Akamrudishia kwa upole, kama unavyomrudishia mtu ng'ombe asiye na meno. Kisha akafunua ya kwake.

Akapiga. Modemu ikaanza kulia. Akaweka kiganja juu yake, akakunja uso, akaondoa.

"Nisikilizie," akaniambia. "INALIAJE?"

"Inalia tu, Fundi!"

"NAJUA INALIA. INALIAJE?"

Sikuwa na njia nyingine. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mzee wa kanisa. Niliinama sikioni kwake nikapiga kelele: "Tiiiiii! Tuuuuu! Kriii, kraaa, kriii, kraaa, shshshshsh!"

Mhandisi wa kiume akageukia dirishani. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mama Paulo akaingia kutoka jikoni na mwiko mkononi, anauliza nani anaumwa.

"HIYO KRIII," Fundi akasema, "NI YA JUU AU YA CHINI?"

"Ya juu!"

"TOA YA JUU BASI."

Nikatoa ya juu. Mbwa wa jirani wakaitikia. Fundi akafumba macho. Alikuwa anasikiliza kwa uso mzima. Kisha akaniuliza ni nani aliyezima ile ya kule na kuiwasha. Mhandisi wa kiume akaacha kucheka, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"UMEISAHAULISHA," Fundi akamwambia. "IMERUDI KWENYE KASI YA KIWANDANI. INAONGEA HARAKA, NJIA MBAYA, HAISIKII KITU. HATUWEZI KUIPUNGUZA YENYEWE. TUPUNGUZE SISI. MWENYE AKILI NDIYE ANAYEPUNGUZA."

Akaandika, kidole kimoja kimoja, akashusha kasi mpaka mia tatu, ya chini kuliko zote. Akapiga tena. Nikalia tena sikioni mwake, tiii, tuuu, na safari hii kriii haikuja, ilikuja sauti moja nzito iliyotulia, na mimi nikaifuata, nikaishika mpaka pumzi ikaniishia. Fundi akanigonga begani kidogo.

"Wamepatana," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Herufi zikaanza kuja kwenye kioo, moja, halafu nyingine.  Akaandika amri ya kuifungua pampu, na baada ya muda simu ya yule mhandisi wa kike ikaita. Alikuwa Safari, anapiga kelele kiasi kwamba sote tulimsikia isipokuwa Fundi: yanatoka, yanatoka, yamefika birikani. Nilimwonyesha Fundi kwa mikono, maji yanayomwagika. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa wageni wamefika salama.

"Basi tumemaliza," mhandisi wa kike akasema. "Mtambo mpya unachukua kuanzia leo. Tunaweza kuichomoa hii." Na mkono wake ukawa unakwenda kwenye waya.

Fundi aliuona mkono. Akauzuia. "Humkati mtu katikati ya maongezi, binti. Unaaga."

Akaketi vizuri. Akatulia kabisa. Akabonyeza alama ya kujumlisha mara tatu. Akatulia tena. Kisha akaandika ile amri fupi ya kukata simu, akaitazama, akarekebisha miwani, akaipeleka.

"Anasemaje?" akaniuliza.

"Hasemi kitu, Fundi. Amenyamaza."

Akaondoa mikono mezani. Halafu akakikunjua kile kitambaa cha kufuma, akakitandika, akakinyoosha pembe zote nne. Mama Paulo akaleta chai. Mhandisi wa kiume alimwomba radhi kwa kucheka, naye kwa kuwa hakusikia akamjibu kwamba ndiyo, ina tangawizi.

Tulipoaga, akavaa koti ili atusindikize. Tulimwambia tuna gari, lipo hapo nje, asijisumbue. Hakutusikia, au alitusikia. Sisi tukapanda, yeye akatangulia mbele ya gari, mikono nyuma, akaelekea barabara kuu. Njia ilikuwa nyembamba na pembeni kuna shimo. Dereva hangeweza kumpita, na nadhani hakuna ndani ya lile gari ambaye angemruhusu. Tukamfuata kwa mwendo wake, gari la serikali lenye antena mbili, nyuma ya mzee mmoja. Waliokuwa wamekaa nje ya nyumba zao walimwamkia. Hakuwasikia, lakini aliinua mkono kwa kila mmoja, kushoto na kulia, bila kumkosa mtu. Tulipofika lami akasimama pembeni, akaja dirisha kwa dirisha akatupa mkono wote, dereva wa mwisho. Kisha akageuka kurudi.

Dereva alimtazama kwenye kioo mpaka alipofika kwenye kona. Akaniuliza kama mzee anajua kwamba gari linaweza kwenda kasi kuliko vile.

Nikamwambia anajua.